Dada Akubaki

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu nyingi zikufikie wewe, Wifi na watoto, na Mungu awe amewaamsha salama kama alivyotuamsha sisi. Natumaini kile kikohozi cha mdogo kimekwisha na kwamba mkubwa ameacha kuogopa mtihani. Huku hatujambo. Baba anakula kidogo kidogo, lakini anakula, na ulimi wake umezidi kufunguka. Siku hizi anaweza kugombana na mtangazaji wa redio sentensi nzima bila kupumzika. Mkono wa kulia bado haujarudi na daktari ameacha kutuahidi. Wa kushoto umekuwa hodari kwa mambo mawili, kijiko na rimoti.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu wewe una maneno matamu, kaka, na mimi nina moyo mwepesi. Nikianza kusema unanizunguka, unanisifu kwamba mimi ndiye nguzo ya nyumba, halafu nakata simu nikiwa nimefurahi, na nililopiga kulisema sijalisema. Nguzo ni sifa nzuri kwa mti. Kwa hiyo leo nisome mpaka mwisho. Nina jambo kubwa la kukuomba, linamhusu Baba na linanihusu mimi, ila siwezi kulitaja kabla sijakueleza lilikotoka, na huko lilikotoka utacheka.

Unavikumbuka Vitabu vya Ukingo, vile ulivyokuwa ukivisoma chini ya dawati hadi mwalimu akakunyang'anya kimoja? Ulipoondoka uliniachia kile cha kwanza, chenye jalada lililotafunwa na mende. Nikuambie ukweli, nilikuwa nimekiweka chini ya mguu wa cherehani. Unajua sakafu ya sebuleni imedidimia upande, na cherehani ilikuwa inacheza. Kitabu chako kikaifanya kazi hiyo miaka na miaka bila kulalamika. Siku moja akaja mama mfamasia, yule wa duka la dawa la kona, kuagiza mapazia. Mimi naandika vipimo, nikigeuka namwona amepiga magoti sakafuni, ameinamisha kichwa mpaka kwenye pedali. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua cherehani imekanyaga nini.

Kumbe ni toleo la kwanza, lile lililotoka kwa nakala chache kabla ya mwandishi kujulikana. Baadaye kampuni ilivisahihisha na kuvichapa upya vitabu vyote vitano, na hivyo vipya ndivyo walivyo navyo watu wote. Mfamasia alikuwa hajawahi kushika cha zamani mkononi mwake. Aliniomba akiazime, nikamwambia kitabu ni cha kaka yangu na hakitoki humu ndani, kwa sababu kusema kweli sikuwa na kitu kingine cha kimo kile. Akasema basi watakuja wao.

Ndivyo sebule yetu ilivyogeuka kuwa makao ya wapenzi wa Ukingo wa mji huu. Wanakuja kila Jumamosi alasiri. Mfamasia ndiye mwenyekiti. Yuko kinyozi wa barabara ya sokoni, mtu mwenye sauti ya kuuzia mnada, na yuko mwalimu wa hesabu tunayemwita Ramani, kwa kuwa amechora ramani ya nchi yote ya Ukingo na akikuona umekaa bure anakuonyesha. Mimi mwanzoni nilikaa nao kwa kuona haya, nikishona huku nasikiliza. Baba naye nilimleta kwa kiti chake cha magurudumu ili nisimwache peke yake chumbani. Hatukujua kama tumeingia mtego wa panya, unaonasa waliomo na wasiokuwemo.

Maana watu hawa, kaka, hawajishughulishi na hadithi yenyewe. Kwamba Mshika Taa aliondoka kwao na taa ya ukoo kwenda kuifunga milango saba kabla majitu ya chumvi hayajaingia, hilo kwao ni la watoto. Wao wanachokonoa pembeni. Kwa nini Mto Usiorudi una majina mawili? Nani alikuwa akimlisha farasi wakati Mshika Taa yuko kifungoni? Walibishana mwezi mzima kama majitu ya chumvi yanyeshewapo huyeyuka au hunenepa, na kinyozi akasusa Jumamosi moja kwa ajili hiyo. Nilifikiri ni wehu. Kisha nikajikuta nachemsha mchele huku nawaza farasi alikula nini.

Basi siku ya kukisoma kitabu chako kwa sauti, kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi mwenye nyumba. Nikasoma sura ya kwanza mpaka pale kijana anapoaga. Unapakumbuka. Baba yao kipofu amekaa kwenye kiti chake, dada anamfunga kaka yake mzigo mgongoni, kisha sura inaisha kwa mistari miwili: Mshika Taa akavuka kizingiti. Dada akabaki. Baada ya hapo dada hatajwi tena hata kwa bahati mbaya, vitabu vyote vitano. Ila mimi sikusoma hivyo. Nilisoma: Dada akubaki.

Wote wakanirudisha. Kinyozi akasema nimechoka, nikapumzike. Nikarudia, nikasoma vilevile, akubaki, mpaka mfamasia akaja kuinama juu ya bega langu na miwani yake. Ilikuwa imechapwa hivyohivyo, kwa u. Neno lenyewe halipo, kaka, hata mtoto anajua. Ramani akasema ni kosa la mashine, kidole kimeteleza, ilikusudiwa akabaki na ndiyo maana toleo jipya wakarekebisha. Mfamasia hakukubali. Huyu mama amesoma mwandiko wa madaktari maisha yake yote na hadanganyiki na herufi. Akasema kwenye mashine ya chapa a iko pembeni kabisa kushoto na u iko juu kulia, kidole hakitelezi safari ndefu namna hiyo. Lakini watu wanaokula h wako kila mahali, hata humu sebuleni, na hapo akamtazama kinyozi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema hapana, anasema apana. Kama aliyechapa alikuwa mla h, basi neno mwandishi alilolikusudia ni jingine kabisa. Hakubaki.

Sijui kama unaliona, wewe uliyeko mbali na ubishi huu. H moja imeliwa, kisha baadaye akaja msahihishaji, akaona neno limeharibika, na badala ya kurudisha h akabadilisha u kuwa a. Kwa herufi moja akamgeuza mtu aliyeondoka kuwa mtu aliyebaki. Na tangu hapo watu wote wanasoma hivyo na hakuna anayeuliza.

Tulikipitia kitabu chako ukurasa kwa ukurasa, Jumamosi baada ya Jumamosi, kuwinda h nyingine zilizoliwa. Baba ndiye aliyekuwa na sikio kali kuliko sote. Nikisoma na neno likapita limepungua, anagonga mkono wa kiti. Tukapata mlinzi aliyesimama gizani na akuona kitu. Tukapata mji ambao akuna aliyelala. Zote hizo toleo jipya lilizirekebisha vizuri, kwa kuwa maana ilikuwa wazi. Ile ya dada peke yake ndiyo iliyokubali kugeuzwa, kwa sababu dada anayebaki nyumbani hamshangazi mtu.

Kisha mimi nikaongeza langu, na hili najisifia. Katika kitabu cha tatu Mshika Taa anajeruhiwa, ana homa, na mwanamke asiyejulikana anamfunga kidonda kwa fundo linalopinda kushoto. Watu walikuwa wanalipita tu. Lakini mimi ni mshonaji, fundo silipiti. Nikawarudisha sura ya kwanza, pale dada anapofunga mzigo, na fundo ni hilohilo, la kushoto. Ramani alisimama akanipigia makofi. Kinyozi akasema mafundo ya kushoto yako mengi duniani, na yeye atakufa akiamini dada alibaki, kwa kuwa kitabu cha mwisho Mshika Taa anaporudi anakuta majivu mekoni yangali moto. Nani aliyewasha moto? Hapo ndipo tulipokwama.

Habari zikasambaa. Wapenzi wa Ukingo wa miji mingine wakatualika kwenye mkutano wao mkubwa, tukaieleze hoja yetu, na kila kikundi kije na vazi la kuonyesha. Vazi nilishona mimi. Nilikusanya mabaki yote ya mapazia niliyonayo, meupe, ya kijivu, yenye kung'aa, nikashona jitu la chumvi la kuvaliwa na watu watatu, likipiga hatua linameremeta na kupukutika. Baba alikuwa akiniambia wapi limezidi. Kinyozi akaingia kichwani, Ramani tumboni, na fundi bomba mmoja waliyemkodi kwa ahadi ya chakula akaingia miguuni. Wakaenda. Mimi nilibaki na Baba, na usiku ule tulikula mapema tukalala.

Waliporudi kinyozi alinipa karatasi yenye namba ya simu. Kulikuwa na mama mmoja huko, msimamizi wa mavazi wa jumba la maigizo, jumba kubwa lenye mafundi wake na vyumba vyake. Alilizunguka jitu letu mara kadhaa, akageuza mshono ndani nje, akauliza aliyeshona yuko wapi. Nilimpigia ili kumshukuru tu. Akaniambia anahitaji fundi mkuu wa karakana kwa miaka miwili, kazi ni hukohuko, mwendo wa siku nzima kwa treni, na kwamba mikono yangu inashona mapazia kama adhabu. Kaka, nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamwambia nina mzee mgonjwa, nikamshukuru kwa adabu, nikarudi kwenye cherehani. Sikumwambia mtu. Niliona funika kombe mwanaharamu apite.

Jumamosi iliyofuata wakaja kutusimulia mkutano ulivyokuwa. Hoja yetu ilipokelewa vizuri, ila mwishoni mtu mmoja alisimama nyuma akauliza swali, nao hawakuwa na jibu. Kinyozi alilileta swali hilo nyumbani kwa furaha yote, maana lilikuwa upande wake. Kama dada hakubaki, je, yule baba yao kipofu alibaki na nani?

Naapa hawakuwa na nia mbaya, lakini kila mmoja aliangalia pembeni asimwangalie Baba, na wote wakaniangalia mimi. Nilikuwa nimeshika sindano na sikuwa nashona chochote. Nilitaka kusema kwamba basi kinyozi ameshinda, dada alibaki, tuendelee na farasi. Ndipo Baba akagonga mkono wa kiti. Unajua anavyotafuta maneno sasa, mtu anatamani kumsaidia. Hakuna aliyemsaidia. Akasema, "Mnamtafuta dada tu." Akapumzika. "Na yule kijana? Yeye hakuwa na miguu ya kurudi?"

Ramani akaanza kukunja ramani yake taratibu. Watu hawa wamevisoma vitabu hivyo hadi wanajua majina ya mbwa, na hawakuwahi kumwuliza Mshika Taa swali hilo, kwa kuwa yeye ndiye shujaa na shujaa ana safari. Hata mimi sikuwahi kuliuliza. Niliingia jikoni nikafungua bomba nikalia, sifichi. Na wakati nalia niligundua kwamba nina hasira na wewe, kaka, hasira ya siku nyingi, na nilikuwa nimeiita kwa majina mengine yote: uchovu, mgongo, joto. Sikuwa na hasira kwamba uliondoka, maana mtu huondoka. Hasira yangu ni kwamba kila mwaka unasema mwakani, na mimi ndiye ninayemweleza Baba kwa nini.

Mfamasia alinifuata jikoni, na kwa kuwa kinyozi hana kifua cha kuweka siri, habari ya namba ya simu ilikuwa imeshafika kwake. Akaniuliza nilijibu nini. Nikamwambia. Yeye akatoka akamwambia Baba palepale, bila kuniomba ruhusa. Nilimkasirikia, sasa sijui kama bado nimemkasirikia.

Baba hakuniita siku ile. Aliniita asubuhi yake, nilipomletea chai. Alizungumza muda mrefu kuliko nilivyomsikia tangu augue, na sitakuandikia yote, mengine ni yangu. Aliniambia hakuumwa ili anifunge mguu. Aliniuliza kama ninataka kwenda, si kama naweza, kama nataka, nikasema nataka. Hilo ndilo lililonitoka, kaka, bila lakini. Nilimtajia mfanyakazi wa kulipwa, nikamtajia kile kituo cha wazee cha masista. Akasema yeye ana watoto wawili na hajamaliza kuwatumia.

Basi jambo lenyewe ni hili. Nimempigia yule mama wa mavazi tena na nimesema ndiyo. Sikuombi ruhusa, nimeshakubali, na mwanzoni mwa mwezi ujao napanda treni. Ninalokuomba ni wewe uje. Usije kutembea, usije na ule mkoba mdogo unaoukalisha karibu na mlango. Njoo ukae, miaka miwili, kisha tutazungumza tena kama ndugu. Uliniambia mwenyewe kwamba siku hizi michoro yako ya lifti unaichorea mezani nyumbani na ofisini huendi ila kwa mkutano. Meza ipo. Sakafu ya sebuleni ni mbaya lakini chumba changu ni sawa, na mtandao Ramani ameupima kwa furaha. Wifi na watoto wakija, nyumba itawatosha, na wasipoweza, hayo ni ya kwenu wawili na siyaingilii.

Ukichelewa kidogo, kinyozi ameahidi kuja asubuhi na jioni kumwinua Baba. Bado anaamini dada alibaki, ila ameniambia mimi si mtu wa kitabuni na nisimsikilize sana. Mfamasia ataangalia dawa. Lakini hao ni wa kushikilia tu.

Nikueleze mambo machache ambayo hayamo kwenye karatasi ya daktari. Ukimwinua, simama upande wake wa kulia na umshike kwapani, usimvute mkono, hata akikuambia hauumi. Chai iwe vuguvugu. Asubuhi asisemeshwe kabla ya taarifa ya habari. Na kubwa kuliko yote, usimmalizie neno. Akilitafuta, msubiri, hata kama wewe umeshalijua. Mwanzoni utaona ni muda mrefu sana, kisha utazoea.

Usidhani namkimbia Baba. Nitakuwa nampigia kila jioni, na jana nimeshona mto mpya wa kiti chake. Wala usidhani nakuchukia, kwa kuwa hasira niliyokuandikia imepungua kwa kuiandika, na ningekuwa nakuchukia nisingetaka wewe ndiye uje. Kuna mambo ya Baba ambayo mimi nimeyapata peke yangu miaka hii, anavyocheka sasa kwa upande mmoja wa uso, hadithi za barabarani alizokuwa hatusimulii tulipokuwa wadogo. Yangekuwa yako pia. Asiyekuwepo na lake halipo, nami sipendi iwe hivyo kwako.

Sina la ziada. Msalimie sana Wifi, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata na nitampa mtu amletee. Wabusu watoto, waambie babu yao anawauliza kwa majina. Baba anakusalimu, na mfamasia pia, ingawa hamjuani. Anasema mwenye toleo la kwanza ni ndugu yake.

Wako akupendaye, mdogo wako, yuleyule uliyekuwa ukimwita Kiroboto.

Barua nilikuwa nimeshaikunja, Baba akaniambia niifungue. Amekataa nimwandikie. Nimemshikia karatasi isiteleze, ameandika kwa mkono wa kushoto na imemchukua asubuhi nzima, kwa hiyo usiangalie mwandiko:

Njoo mwanangu. Mimi si mzito tena, nimekonda.